Mstari Uliopinda Shingoni mwa Bunduki

Vijana niliowaacha shambani wameniuliza mara nyingi kwa nini ile bunduki kuukuu ya upepo, iliyotundikwa ghalani juu ya magunia ya mbegu, ina mstari uliochorwa kwa msumari shingoni mwake, na kwa nini mstari wenyewe umepinda kama njia ya mlevi. Kila nilipoulizwa nilicheka nikaendelea na kazi, maana nilikuwa nikilipwa kufanya kazi. Sasa nimestaafu, kwa hiyo naweza kueleza. Mtanivumilia, kwa sababu kalamu yangu ni ya polepole. Masomo yangu yaliishia shule ya msingi, na mkono wangu huandika kama unavyopalilia: mstari mmoja, kunyoosha mgongo, mstari mwingine.

Niliajiriwa miaka michache baada ya Uhuru, kwenye shamba la majaribio upande wa Nyamira. Ninyi mmelikuta na ua wa waya na tangi la maji. Wakati ule lilikuwa mteremko tu. Juu kulikuwa na vipande vya majaribio vya wimbi, yaani ulezi, na chini karibu na bonde kulikuwa na alizeti. Niliingia kwa jembe. Kwetu ni Kiogoro, na nilikuwa kijana mwenye haya kupita kiasi. Nikikutana na mtu njiani nilitazama vidole vya miguu yangu mpaka apite, hata nikawa nawafahamu majirani wengi kwa viatu vyao. Niliposemeshwa nilijibu "ndiyo", kwa sababu niligundua mapema kwamba "ndiyo" humaliza mazungumzo upesi kuliko neno lingine lolote. Siku moja, dukani Nyamira mjini, nilijibu "ndiyo" nikatoka na kofia ambayo sikuitaka. Niliivaa miaka mingi.

Haya hiyo ndiyo iliyonipa bunduki. Ndege wa manjano, wale wanaofuma viota, walikuwa wakimaliza wimbi wetu. Kupiga madebe kuliwahamisha tu kutoka kipande kimoja kwenda kingine, kama wageni wanaohamia meza yenye chakula zaidi. Meneja wetu, Bwana Mutiso, Mkamba mwenye sauti ya chini, akaomba bunduki ya upepo, akapata kibali chake, kisha akatafuta mtu wa kuishika. "Nataka mtu asiyepiga kelele," akasema. Wote wakanigeukia. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

Aliyenifundisha ni mtunza ghala, Mzee Onchari. Alikuwa amepigana katika vita vya Wazungu akarudi na goti lisilokunjika. Siku ya kwanza alilaza bunduki juu ya gunia la maharagwe, akafungua kitambaa cha kaki, na ndani yake kulikuwa na mitutu miwili.

"Huu mwembamba ni wa ndege wadogo," alisema. "Huu mnene ni wa tetere na kunguru. Yote miwili hukaa kiti kimoja. Unaona hili tundu hapa shingoni? Hicho ndicho kiti. Unaingiza, unageuza, mpaka usikie komeo linasema tak. Umesikia?"

"Ndiyo, Tata," nikasema. Ndivyo tunavyowaita wazee wa rika la baba.

"Pengo la kulengea la nyuma liko kwenye mwili wa bunduki. Kinundu cha mbele kiko kwenye mtutu. Mtutu ukikaa vibaya hata unene wa unywele, kinundu kinahama na pengo linabaki. Hapo utamlenga ndege umpige mbuzi wa mtu. Kwa hiyo ukianza kukosa, usikimbilie bisibisi. Angalia kiti kwanza. Umeelewa?"

"Ndiyo, Tata."

Sikuelewa hata kidogo. Nilikuwa nikiitazama bunduki na kuwaza jinsi nitakavyoonekana nayo. Ninyi vijana, kama mna la kujifunza kwangu, jifunzeni hili: mtu anayekufundisha akikuuliza kama umeelewa, anakupa nafasi ya kusema hapana bila gharama. Mimi niliikataa nafasi hiyo, na baadaye gharama yake nusura inirudishe kwetu.

Sitajisifu kwamba nilikuwa mpigaji hodari. Ndege wa kwanza niliyempiga hakuwa yule niliyemlenga. Lakini risasi zile ndogo, zenye kiuno kama cha nyigu, zilitoka kwa sauti ya mtu anayetema ganda la muwa, na ndege waliobaki hawakujua mwenzao ameondoka vipi. Walianza kutuheshimu. Pole kwa pole nilijua namna ya kuegemeza kitako begani, kushusha pumzi nusu, na kungoja. Kungoja nilikuwa nakujua tangu zamani.

Tatizo likawa Sabato. Mimi ni Msabato wa kuzaliwa. Mama yangu aliimba kanisani Nyanchwa tangu nikiwa mgongoni. Ijumaa jua likitua, bunduki niliirudisha ghalani, na Jumamosi nilikuwa kanisani nikisinzia kwa heshima. Wale ndege wakang'amua Sabato upesi kuliko watoto wengi wa kanisa. Jumamosi walikuja kwa familia. Jumapili asubuhi Bwana Mutiso alipita kwenye wimbi, akaona vichwa vina upara, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Tunahitaji Mkatoliki."

Ndivyo alivyokuja Odera. Alitoka upande wa ziwa, mrefu, mwenye kicheko kilichotangulia kufika kabla yake. Mpango ulikuwa hivi: siku za kazi, asubuhi bunduki ilikuwa yangu, kwa mtutu mwembamba, nikilinda wimbi. Saa sita tulipokezana, akautoa wangu akaingiza ule mnene, akashuka kwenye alizeti kuwawinda tetere. Jumamosi alilinda shamba zima peke yake. Jumapili yeye alikuwa kwenye misa na mimi nililinda shamba zima kwa mtutu wangu ule ule. Ndege wakabaki bila siku ya ibada.

Yeye hakujua Ekegusii na mimi sikujua Kijaluo, kwa hiyo tulibaki na Kiswahili. Changu kilikuwa cha darasani, cha kujibu maswali. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kile cha kuuliza. Siku ya kwanza alinikuta mlangoni mwa ghala, akaniita omera, yaani ndugu kwa lugha yao.

"Omera, wewe ndiye askari wa ndege?"

"Ndiyo."

"Umeshaua wangapi?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu siku hiyo jina langu likawa Bwana Ndiyo, na mpaka leo kuna watu Nyamira wasiojua kwamba naitwa Momanyi.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Mzee Onchari alikuwa bado yupo. Kila Ijumaa aliupitishia mtutu kitambaa kwa kijiti, akapuliza ndani ya kile kiti, akakipangusa kwa kidole kikavu. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Kisha akastaafu, akaenda kwake kulima ndizi, na hakuna aliyepuliza tena.

Baada ya mvua za masika nilianza kukosa. Risasi zilikwenda kulia. Nikachukua bisibisi nikalisogeza pengo la nyuma mpaka zikarudi katikati. Siku iliyofuata zilikwenda kulia tena, na chini kidogo. Nikasogeza tena. Nilichokuwa sijui ni kwamba Odera naye, kila alasiri, aliona zake zikienda kushoto, akalisogeza pengo kurudi kule lilikotoka. Kila saa sita tulipokezana bunduki na kosa.

"Bwana Ndiyo," aliniambia mchana mmoja, "leo umelisha ndege wangapi?"

Nilikuwa na jibu zuri sana. Nilimaliza kulitunga jioni, nikikamua ng'ombe wa meneja, na ng'ombe peke yake ndiye aliyelisikia.

Moyoni nilijua kosa ni lake, yule mtu wa kelele aliyeukaza mtutu kama anayefunga pampu ya maji. Yeye naye, kama alivyoniambia baadaye, alijua kosa ni langu, mtu niliyeushika kama yai la jirani. Na kila mmoja, bila kumwambia mwenzake, akatafuta dawa.

Dawa yangu ilitoka Tabaka. Mjomba wangu alichonga yale mawe laini ya kule, bakuli na viboko wadogo, na vumbi la jiwe lile huteleza kwenye vidole kama poda ya mtoto. Nikaona grisi hushika mchanga, lakini vumbi hili litafanya mtutu uingie laini na utoke laini. Nikajaza kopo dogo. Kila asubuhi, kabla ya kuingiza mtutu wangu, nilinyunyiza unga kidogo kwenye kiti. Nilijiona fundi. Nilifikiri hata Mzee Onchari angekuja kujifunza kwangu.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Bunduki ilianza kunuka. Asubuhi nilipoweka shavu kwenye kitako, harufu ya samaki ilinipanda puani, na paka wa ghala akaanza kunifuata mpaka kwenye wimbi, akikaa nyuma yangu kama mkaguzi. Nilidhani Odera alikula chakula chake cha mchana akiwa ameipakata bunduki. Ningeweza kumuuliza. Sikumuuliza.

Wimbi ulipoanza kukomaa mambo yalikuwa mabaya. Jumatano moja nililenga ndege juu ya suke nikaikata kamba ya nguo za mke wa meneja. Nguo zikaanguka matopeni, na ndege akabaki pale pale akiendelea kula.

Jumatano hiyo Bwana Mutiso alituita wote wawili. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Wimbi ule ndio mbegu ya msimu ujao," akasema. "Ukiliwa, hatuna majaribio. Tuna malisho ya ndege. Ijumaa mkaguzi anakuja kutoka makao makuu. Nimemwambia ukweli kuhusu bunduki hii. Ataijaribu kwa mitutu yote miwili. Ikishindwa kupiga vifuniko vya soda, ataondoka nayo, na sitakuwa na kazi ya kuwapa. Watoto wa shule watapiga madebe."

"Na sisi, Bwana?" Odera akauliza.

"Nimesema. Sitakuwa na kazi."

Nilifikiria Kiogoro. Mama alikuwa amewaambia wanawake wote wa kwaya kwamba mwanawe hulinda mali ya serikali kwa bunduki. Neno "upepo" alikuwa ameliacha. Ningerudije na jembe, nipite mbele ya nyumba zile zote, nikitazama vidole vya miguu?

Alhamisi alasiri, Odera hakushuka kwenye alizeti. Nilimkuta nyuma ya ghala, bunduki mapajani, hacheki. Nikakaa kwenye jiwe kando yake. Paka akaja akakaa katikati yetu.

"Ninyi mna chai na ndizi," alisema. "Sisi mwaka huu ziwa limetunyima. Wadogo zangu wako shuleni kwa sababu ya hiki kibomba, omera. Nikirudi, watarudi nyumbani pamoja nami."

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba Odera ana wadogo. Nilidhani ana kicheko tu. Nilikaa, nikakohoa, nikatazama paka. Kisha nikauliza swali langu la kwanza tangu nijue kusema Kiswahili.

"Huwa unaweka nini humu?"

"Humu wapi?"

"Kwenye kiti. Hapa mtutu unapoingia."

Akanitazama kama mtu aliyesikia gogo likiongea. "Mafuta."

"Mafuta ya nini?"

"Ya kambare. Mama huyachemsha, ananipa chupa. Hakuna kutu inayoyaweza. Kwani wewe unaweka nini?"

"Unga."

"Unga wa nini? Wa ugali?"

"Wa jiwe."

"Wa jiwe!" Akautoa mtutu, akaigeuza bunduki kwenye mwanga, tukachungulia ndani pamoja, vichwa vikigongana. Akaingiza msumari akakwangua. Kikatoka kipande cha kijivu, kigumu kama kigae cha chungu. Akakwangua tena, kikatoka kingine. Ndani ya kile kiti, asubuhi kwa unga wangu na alasiri kwa mafuta yake, tulikuwa tumejenga sakafu. Mitutu haikuwa ikifika mwisho wake. Ilikaa juu ya sakafu ile, kila siku kwa namna yake, kutegemea nani alikuwa amesiriba zaidi.

"Bwana Ndiyo," akasema polepole, "tumekandika nyumba humu."

Nilikinusa kile kipande. Ndipo nikakumbuka miezi yote ile, shavu langu likiwa kwenye kitako. "Kambare kwetu ni najisi," nikasema. "Hana magamba. Hatumli."

"Umemla?"

"Sijamla."

"Basi ulikuwa ukinusa tu. Kunusa si dhambi. Muulize paka."

Tukacheka wote wawili, na kwangu ilikuwa ajabu kusikia sauti yangu imetoka na nyingine. Kisha maneno ya Mzee Onchari yakanirudia yote, neno kwa neno, kama mtu anayerudisha kofia uliyoisahau kwake. Angalia kiti kwanza. Na mimi nilikuwa nimejibu ndiyo.

Tuliosha kiti kwa mafuta ya taa na kijiti cha mkaratusi mpaka chuma kikang'aa. Tukakikausha. Hatukuweka kitu. Tulikagua pia ile ngozi nyembamba inayozuia upepo usitoroke pale mtutu unapokutana na mwili, maana nayo ilikuwa imelowa mafuta ikavimba. Tukakata nyingine kutoka ulimi wa kiatu cha Odera. Tulipoingiza mtutu wangu ukasema tak, tak ya kweli, ya chini, ambayo sikuwa nimeisikia tangu Mzee aondoke.

Hapo mnaweza kudhani kazi imekwisha. Tukaweka gunia la mchanga juu ya meza, tukalaza bunduki juu yake ili mikono yetu isije ikasingiziwa, tukapiga. Risasi ilikwenda mbali na shabaha kuliko siku zote! Bila shaka. Pengo la nyuma tulikuwa tumelisogeza miezi mingi kufuata ile sakafu, na sasa sakafu haipo. Tulilirudisha hatua kwa hatua mpaka mtutu mwembamba ukapiga katikati. Kisha tukauingiza mnene. Ukapiga kushoto, upana wa kifuniko kimoja cha soda. Tukapiga tena, pale pale. Na tena, pale pale.

Mkono wangu ukanyookea bisibisi. Odera akaushika.

"Usiguse! Ukigusa hapo, wako utaharibika, kesho utasogeza tena, turudi kule kule. Acha pengo lilale. Huu mnene nimeujua ugonjwa wake. Haubadiliki. Mimi nitalenga kulia kwa upana wa kifuniko, basi."

Nimefanya kazi na mafundi wengi baada ya hapo, na sijasikia neno la maana kuliko hilo kuhusu bunduki ya mitutu miwili. Mitutu miwili haitapiga mahali pamoja kwa pengo moja, hata mkiiombea. Inayopiga pembeni siku zote, mahali pale pale, ni bunduki ya kuaminika. Inayopiga katikati leo na kumpiga mbuzi kesho ndiyo mbovu. Mimi nilikuwa nimeyachanganya hayo mawili msimu mzima.

Likabaki jambo moja. Mtutu ukitolewa na kurudishwa, ulirudi pale pale mara nyingi, lakini si kila mara, kwa sababu komeo lilikuwa limelegea kidogo kwa uzee. Tukaona tuchore mstari, kutoka mwilini kuvuka shingo mpaka kwenye mtutu, ili aurudishaye aone mistari imeungana. Odera akachora kwenye mwili wa bunduki. Yeye alitumia mkono wa kushoto. Mimi nikachora kwenye mitutu, kwa mkono wa kulia, na kwa woga wa kukwaruza mali ya serikali. Wake ulipanda, wangu ukashuka. Palipokutana pakapinda. Hiyo ndiyo habari ya mstari, kwa wale walioniuliza. Wanaotaka habari hiyo tu wanaweza kuishia hapa wakalale.

Ijumaa mkaguzi alitazamiwa asubuhi. Saa sita ikapita. Saa tisa ikapita. Gari lake lilikuwa limekwama matopeni mahali fulani njia ya Kisii, na alipofika suruali yake ilikuwa na tope hadi magotini na jua lilikuwa limeanza kukikaribia kilima. Nilikitazama kilima kuliko nilivyomtazama yeye.

Vifuniko vya soda vilipangwa kwenye nguzo za zizi la ng'ombe wa meneja. Nikaanza, kwa mtutu mwembamba. Nilishusha pumzi nusu, nikangoja. Kifuniko cha kwanza kikaruka. Cha pili kikaruka. Odera akabadilisha mtutu mbele ya mkaguzi, akaunganisha mistari, tak, akalenga kulia, na vifuniko vyake vikaruka kama panzi. Bwana Mutiso akapumua mara ya kwanza siku hiyo.

"Vizuri," mkaguzi akasema. "Sasa badilishaneni. Bunduki ya serikali si mswaki wa mtu."

Odera akachukua mtutu wangu mwembamba, ule aliokuwa akiuita shingo ya korongo, akapiga vifuniko vyote bila hata kushusha pumzi. Jambo hilo sikulipenda. Kisha mnene ukarudishwa, nikapewa bunduki.

Nililenga kulia kwa upana wa kifuniko. Sikuwa nimewahi kuupiga mtutu ule bila gunia la mchanga. Kinundu kilicheza. Nyuma ya nguzo niliona jua likigusa kilima, likakatwa nusu, likabaki ukucha. Nikangoja kinundu kitulie. Ukucha ukazama.

Nikaishusha bunduki.

"Nini?" mkaguzi akauliza. "Piga."

Niliwaona wote wakinitazama. Nilijua lile neno langu la siku zote lingemaliza mambo upesi. Badala yake likatoka lingine, dogo, nusura nisilisikie mwenyewe.

"Hapana, Bwana. Jua limetua. Ni Sabato."

Bwana Mutiso alifumba macho. Niliona Kiogoro, nikaona kwaya, nikaona wadogo wa Odera, ambao sikuwa nimepata kuwaona, wakirudi nyumbani na vitabu vyao. Lakini neno lilikuwa limetoka, na sikujua namna ya kulirudisha. Sikuwa na mazoea nalo.

"Bwana mkubwa," Odera akasema kwa ile sauti yake ya sokoni, "ndiyo maana tuko wawili. Huyu akifunga, mimi nafungua. Jumapili nikifunga, yeye anafungua. Ndege peke yao ndio hawana dini."

"Na nitajuaje kama mtutu huu unamtii mtu mwingine asiye wewe?"

"Jaribu wewe mwenyewe, Bwana. Wewe ni mtu mwingine."

Mkaguzi akasita, kisha akaichukua bunduki mikononi mwangu. Akapiga, akakosa. "Upande wa kulia, Bwana," Odera akamwambia, "upana wa kifuniko kimoja." Akapiga tena, na kifuniko kikaruka. Uso wake ukafunguka kama wa mtoto aliyepewa muwa. Akapiga kingine. Akavua koti. Alipiga mpaka kopo la risasi likaisha na hatukuona tena nguzo zenyewe, wala hakutaka kuondoka.

"Bunduki ni nzuri," akamwambia Bwana Mutiso akipanda garini. Kuhusu sisi hakusema lolote. Nimetafakari sana jambo hilo. Kazi yangu yote iliyofuata, miaka yote hii, haikuokolewa na shabaha yangu, wala imani yangu, wala ufundi wangu wa unga. Iliokolewa na mkubwa mmoja aliyefurahia kupiga vifuniko.

Wimbi ulivunwa. Tuliendelea na bunduki ile mpaka miaka ya sabini, mwembamba asubuhi, mnene alasiri, kiti kikavu, mistari imeungana, pengo halikuguswa. Kabla ya kupokezana tulikaa nyuma ya ghala tukazungumza, na nikajifunza kuuliza maswali mengi, hata yale yasiyonihusu. Paka, aliponyimwa harufu yake, alituacha.

Odera aliondoka kabla yangu, kwenda kufanya biashara karibu na kwao. Wadogo zake walikuwa wamemaliza shule. Asubuhi ya kuondoka tulisimama mlangoni mwa ghala, pale pale alipoanza kunicheka, na nikaona kuna kitu anakihifadhi.

"Nina swali," akasema. "Nimeliweka miaka yote hii."

"Uliza."

"Ile Ijumaa ya mkaguzi. Kinundu kilikuwa kikicheza, nilikuona. Sema ukweli, omera. Ilikuwa Sabato, au uliogopa kukosa?"

Nilifikiri. Nilimtazama usoni, si miguuni.

"Ndiyo," nikamwambia.

Akacheka mpaka akaegemea ukuta.